Fedha Zangu Zina Kosa Gani?

Kununua ni tendo la watu wawili. Mmoja ana kitu, mwingine ana fedha. Wanaonana uso kwa uso, wanapatana bei, kisha kila mmoja hushika njia yake ameridhika. Mji wa Busia umesimama juu ya tendo hili. Mama auzaye omena hamwulizi mnunuzi ana simu ya namna gani. Mbadilishaji fedha asimamaye kando ya barabara, bunda la shilingi za Kenya katika mkono mmoja na la shilingi za Uganda katika mkono wa pili, hamrudishi mtu kwa sababu hana anwani ya barua pepe. Hata hivyo iko bidhaa moja ambayo mkazi wa Busia au wa Malaba akiifuata kwa miguu yake, fedha mkononi, hufukuzwa kama mwombaji. Bidhaa hiyo ni tikiti ya mpira wa miguu. Leo, ewe msomaji kijana, nataka kukuonyesha kwamba jambo hili ni dhuluma, na kwamba dhuluma haiwi haki kwa kuvikwa nguo ya maendeleo.

Nitaanza kwa kisa nilichokiona mwenyewe. Jirani yangu ni mzee aliyekuwa hamali mpakani kwa miaka mingi. Magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi na mifuko ya saruji imepita juu ya mgongo wake. Mzee huyu anapenda mpira kuliko kijana yeyote nimjuaye. Redio yake ndogo imemfundisha majina ya wachezaji wa zamani na wa sasa, lakini alikuwa hajapata kuingia katika uwanja mkubwa hata siku moja. Miaka michache iliyopita ulitangazwa mchezo mkubwa huko Nairobi. Sitautaja mchezo wenyewe wala walioutayarisha, kwa kuwa ninapigana na desturi, sipigani na mtu. Mzee aliniambia, "Mwalimu, mchezo huu lazima niuone kwa macho yangu kabla sijafa." Akaweka akiba kwa miezi mitatu. Akaniuliza tikiti hununuliwaje, nami nikamjibu kwa kujiamini, "Mzee, tutanunua dirishani, kama ilivyokuwa siku zote." Kosa la kutouliza lilikuwa langu, na nalikiri.

Tulipanda basi la usiku. Kutoka Busia hadi Nairobi ni safari ya zaidi ya kilomita 400, na mzee hakufumba jicho hata kidogo. Saa nne asubuhi tulikuwa mbele ya uwanja. Dirisha la tikiti lilikuwapo, lakini lilikuwa limezibwa kwa ubao, na juu ya ubao palibandikwa karatasi iliyosema kwamba tikiti zinauzwa kwa mtandao tu. Nilimsomea mzee maneno hayo. Akatoa fedha zake, zilizofungwa ndani ya leso, akamwonyesha mlinzi, kana kwamba mlinzi alikuwa hajaamini kuwa anazo. Mlinzi alikuwa kijana mwenye adabu. Akasema, "Baba, mimi siwezi kupokea fedha. Ni kwa simu tu." Mzee akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Nikajaribu kwa simu yangu. Ukurasa ulifunguka, ukasita, ukapotea. Mara ya pili ulinitaka niandike jina, namba ya kitambulisho na anwani ya barua pepe; nilipomaliza kuandika uliniarifu kwamba tikiti zimekwisha. Kabla hatujaondoka mahali pale alitujia kijana aliyekuwa na tikiti sita ndani ya simu yake, akiziuza kwa bei iliyozidishwa mara tatu. Mzee alikataa. "Nikimlipa huyu," alisema, "nitakuwa nimemwajiri mwizi ili anizibie mlango."

Tuliusikiliza mchezo tukiwa nje, kwa kupima vishindo vya watu. Vilipopanda tulijua mpira umekaribia lango; viliposhuka tulijua umepotea. Wakati mmoja lango la uwanja lilifunguliwa ili gari la wagonjwa lipite, tukaona safu za viti visivyo na watu. Usiku tulirudi kwa basi. Tulipokaribia Nakuru, nikidhani amelala, mzee aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, fedha zangu zilikuwa na kosa gani?" Sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio langu la kumjibu.

Najua utakachosema kwanza. Utasema, mwalimu, kosa ni lako. Ungalimnunulia mzee tikiti siku tatu kabla, kwa simu yako, na mambo yangalikwisha. Kweli, ningaliweza. Lakini tazama maana ya maneno hayo. Maana yake ni kwamba mzee ataingia uwanjani ikiwa tu ana jirani aliyesoma, jirani huyo ana simu nzuri, simu hiyo ina chaji, na mwenyewe yuko tayari kumsaidia. Haki ya mtu ikitegemea huruma ya jirani, haiwi haki tena, bali fadhila. Mzee hakwenda Nairobi kuomba fadhila. Alikwenda kununua.

Tazama pia jinsi mji wetu ulivyo, kwa maana haufanani na miji ya ndani ya nchi. Hapa mtu mmoja huweza kulala Kenya na kufanya kazi Uganda. Mwingine ana laini ya simu ya Uganda kwa sababu wateja wake wako ng'ambo. Huko Malaba madereva wa malori husimama katika foleni, na miongoni mwao wamo Wakenya, Waganda, Wanyarwanda na Wakongo, kila mmoja na laini ya kwao. Ikiwa tikiti italipiwa kwa laini ya Kenya peke yake, dereva kutoka Kampala mwenye noti za Kenya mfukoni hawezi kuipata. Ikiwa itauzwa kwa laini za Uganda peke yake, mama wa Busia atakosa mchezo ulio karibu naye zaidi. Maana fahamu hili: uwanja wa Namboole, ulio kandokando ya Kampala, hauko mbali na Busia hata nusu ya umbali wa Nairobi. Kwa jiografia, uwanja mkubwa wa jirani yetu ndio uwanja wetu. Kwa tikiti, uko mbali kama mwezi.

Tena mpaka wenyewe umekwisha kutufundisha kwamba mtu hafai kusumbuliwa bure. Mwezi wa Februari 2018, viongozi wa Kenya na Uganda walizindua kituo cha pamoja cha Busia, ili msafiri asimame mara moja mahali pa kusimama mara mbili. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, vijana wa Busia waliona watu wakitembea kwa miguu juani kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine, wakawabeba kwa baiskeli huku wakiita "boda, boda". Jina hilo leo linajulikana kote Afrika ya Mashariki. Vijana wale hawakumwambia msafiri ajipatie baiskeli kwanza ndipo avushwe. Walimchukua kama alivyo, wakamfikisha. Huo ndio utumishi. Anayeuza tikiti kwa wenye simu za kisasa peke yao amefanya kinyume chake: amemwambia msafiri aje na baiskeli yake.

Sasa tuzisikilize hoja za upande wa pili, kwa maana mwenye haki haogopi hoja.

Hoja ya kwanza ni usalama. Wanasema kwamba madirisha ya tikiti huleta msongamano, na msongamano huua. Hoja hii ni nzito, na asiyeiheshimu hajui historia. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika uwanja wa Nyayo, siku ya mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards, watu wasiopungua saba walikufa kwa kukanyagana. Tarehe 11 Aprili 2001, katika uwanja wa Ellis Park huko Johannesburg, walikufa watu 43. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Mei 2001, walikufa watu 126 huko Accra. Roho hizi si mchezo.

Lakini uliza walikufaje. Accra polisi walirusha moshi wa kutoa machozi, watu wakakimbilia malango, wakayakuta yamefungwa. Ellis Park waliingia watu wengi kuliko nafasi iliyokuwapo. Nyayo watu walisongana langoni. Katika misiba yote mitatu mauti yalikuja kwa malango mabaya, hesabu mbaya na usimamizi mbaya. Hakuna aliyeuawa na karani aliyeketi nyuma ya dirisha mjini, siku nne kabla ya mchezo, akiuza tikiti moja moja. Kinyume chake, tikiti ikipatikana mapema na karibu na nyumbani kwa mtu, watu wachache watakuja langoni bila tikiti, na langoni ndipo penye hatari.

Tunao ushahidi wa karibu. Mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa mashindano ya CHAN, yanayochezwa na wachezaji wa ligi za nyumbani. Kenya iliishinda Kongo bao 1-0 tarehe 3 Agosti, ikatoka sare ya 1-1 na Angola tarehe 7, na tarehe 10 ikaishinda Morocco bao 1-0. Kila ushindi uliongeza hamu, na hamu ilifika malangoni Kasarani kabla ya tikiti. Mashabiki wasio na tikiti walisukuma wakaingia. Shirikisho la Afrika, CAF, likaamuru kwamba katika mchezo wa Kenya na Zambia wa tarehe 17 waingie watu 27,000 tu, katika uwanja wenye viti vipatavyo 48,000, na kwamba tikiti za kielektroniki peke yake ndizo zitakazokubaliwa.

Sisemi kwamba amri hiyo haikuwa na sababu. Walioruka malango walikosa, na ushabiki wa namna hiyo ni aibu kwa nchi. Nasema tu kwamba amri ya namna hiyo humwadhibu asiyekosa pamoja na aliyekosa. Kijana mwenye nguvu aliyesukuma lango tarehe 10 aliweza kununua tikiti kwa simu yake tarehe 17 na kuingia kwa heshima. Mzee asiyesukuma lango lolote maishani mwake, ambaye hana simu ya kuibeba tikiti hiyo, ndiye aliyebaki nje. Je, hiyo ni adabu iliyompata mkosaji? Hasha. Kenya ilipocheza na Madagascar tarehe 22 Agosti, ikatoka sare ya 1-1 na kutolewa kwa penalti 4-3, wengi katika Busia walilia mbele ya televisheni za vibandani. Katika vibanda hivyo, nakukumbusha, mtu hulipa mlangoni kwa sarafu.

Hoja ya pili ni wizi. Wanasema kwamba fedha taslimu zilizokusanywa milangoni zilikuwa zikipotea, tikiti za bandia zilichapishwa, na klabu zikabaki maskini hali viwanja vimejaa. Ni kweli kwamba wizi wa kiingilio umeudhi mpira wetu kwa muda mrefu. Lakini mwizi alikuwa nani? Alikuwa mnunuzi aliyelipa, au msimamizi aliyepokea? Mwizi akiwa ndani ya nyumba, hatumfungii mgeni mlango, tunamtafuta mwizi. Tena mashine inayoweza kuhesabu tikiti za mtandao yaweza kuhesabu tikiti za dirishani, kila moja na namba yake, kila shilingi na risiti yake.

Nao walanguzi hawakufa kwa kuletwa mtandao. Wamestarehe zaidi. Mbele ya dirisha mlanguzi ana mwili mmoja na hukaa foleni kama mwenzake. Akirudi mara tatu, watu humtambua na kumpigia kelele. Katika mtandao mlanguzi mwenye simu kumi ni watu kumi, na hakuna amwonaye. Yule kijana wa tikiti sita hakuzipata kwa kuamka mapema kuliko mzee. Mzee alikuwa macho usiku kucha.

Hoja ya tatu ndiyo ipendwayo na wasomi, nayo ni maendeleo. Wanasema dunia imeendelea, kila mtu ana simu, na asiyetaka kwenda na wakati aachwe na wakati. Hapa nakusihi, msomaji, ufikiri kwa makini, kwa sababu hoja hii ina sura nzuri na mifupa mibovu.

Je, ni kitu gani kilichoeneza fedha za simu katika nchi yetu tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007? Wengi hujibu kwamba ni simu. Lakini tembea katika barabara ya Busia uone. Kila hatua chache kuna kibanda, na ndani ya kibanda yupo mtu. Bibi kizee asiyejua kusoma humpa mtu huyo noti zake mkononi, mtu huyo huzigeuza kuwa fedha za simu, na bibi huondoka ametuma karo ya mjukuu wake. Mtandao ulifaulu kwa sababu uliwekwa mwanadamu mlangoni pake. Bila wakala wa kibandani M-Pesa ingalikuwa chombo cha matajiri. Basi maendeleo ya kweli hayakuliondoa dirisha. Yalijenga madirisha mengi zaidi. Wauza tikiti wetu wameichukua mashine wakamwacha mtu, kisha wanashangaa kwamba safari haifiki.

Wala usidhani kwamba nchi tajiri zimeshindwa kuliona hilo. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 huko Qatar, tikiti zilibebwa katika simu, nao mtambo wao haukuwa wa kubahatisha. Hata hivyo yalifunguliwa madirisha mjini Doha, watu wakapanga foleni, wakahudumiwa na makarani. Ikiwa Qatar yenye mali ya gesi iliona haja ya dirisha, Busia ina haja zaidi.

Mtu akibomoa sharti aonyeshe namna ya kujenga. Ninapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza. Kwanza, katika kila mchezo mkubwa sehemu ya tikiti, tuseme moja katika kila nne, iuzwe kwa mkono, isiguswe na mtandao hata kama mtandao umekwisha zake. Pili, tikiti hizo ziuzwe siku kadhaa kabla, katika miji ya kaunti na ya mipakani, mbali na malango ya uwanja; mawakala wa fedha za simu waliotapakaa Busia na Malaba wawe ndio wauzaji. Tatu, kila mnunuzi aonyeshe kitambulisho na apewe tikiti zisizozidi mbili, ili mlanguzi akose chakula. Nne, kwa michezo inayowahusu majirani, dirisha la mpakani lipokee shilingi za pande zote mbili, kama mbadilishaji wa barabarani afanyavyo kila siku bila kusomea.

Jambo hili si la kuahirishwa. Mwezi wa Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa pamoja heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Sherehe hiyo imeitwa Pamoja. Ni neno letu, neno zuri, na kila Mswahili analijua maana yake. Lakini neno ni deni. Hakuna mahali ambapo "pamoja" huishi kila siku kama mpakani, ambapo watoto wa pande mbili hucheza mpira wa matambara katika uwanja mmoja. Ikiwa watu wa mpakani watakosa mlango wa kuingilia, jina hilo litakuwa pambo la ukutani.

Na wewe, mwanafunzi, kwa nini nimekuandikia wewe? Kwa sababu wakubwa wa leo wamekwisha kuzoea. Wewe bado hujazoea. Baada ya miaka michache utaketi mahali fulani ukiandika programu ya kuuzia kitu, au ukitia sahihi amri, au ukisimama langoni kama yule mlinzi mwenye adabu. Siku hiyo utajaribiwa kuchukua njia iliyo rahisi kwako na kuiita maendeleo ya watu wote. Kabla hujatia sahihi, mfikirie mtu mmoja: mzee aliyesafiri usiku kucha, amesimama mbele ya ubao, leso imefunguliwa, fedha halali za nchi yake mkononi. Jiulize ataingilia wapi. Ukikosa jibu, kazi yako haijakwisha.

Jirani yangu bado yu hai, na redio yake bado inasema kila Jumapili alasiri. Leso ile ameiweka sandukuni pamoja na fedha zake. Hakutaka kuzitumia kwa jambo jingine. Anangoja mwaka 2027. Sasa ninalo jibu la swali lake, nami nimekwenda kumwambia: fedha zako, mzee, hazina kosa lolote, kosa ni la dirisha. Akacheka, akaniambia, "Basi, mwalimu, waambie walifungue."

Nimewaambia. Waambie na wewe.